Ufundi wa Kuondoa Mkono

Makangale iko kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya kisiwa cha Pemba, mwisho wa njia inayotoka Konde na kupita katikati ya Msitu wa Ngezi. Mashariki yake upo ufukwe wa Vumawimbi, magharibi Verani, na mbele kabisa Ras Kigomasha. Kazi za hapa ni zile zile za Pemba nzima: uvuvi, ukulima, karafuu, mwani, kusuka ukili na makuti, na siku hizi kazi chache za hoteli. Nyingi hazitangazwi wala haziombwi kwa barua. Mtu huingia kwa kumfuata aliyemtangulia. Mtoto huandamana na mjomba wake pwani, hutumwa hiki na kile, hukemewa, hutazama, na baada ya misimu miwili mitatu hakuna anayekumbuka ni lini hasa alianza kuitwa mvuvi. Binti hukaa ubavuni mwa bibi yake, huvuta ukindu mmoja kutoka kwenye fungu, husuka vibaya, hufumuliwa, husuka tena.

Utaratibu huo umelea vizazi na vizazi, ila una sharti lake: anayefuata lazima aweze kudaka mambo yanayopita haraka, yasiyoelezwa, na ayaunge mwenyewe mpaka yawe kazi. Kijana mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji, au aliyezaliwa na hali ya Down, mara nyingi hupotea hapo. Anaiona mikono ya mwenzake ikienda mbio, anasikia maagizo matatu kwa pumzi moja, na kabla hajalishika la kwanza, la tatu limeshapita. Watu humhurumia, wakamwambia akae kivulini. Mwaka ukipita, kukaa kivulini kunakuwa ndiyo kazi yake.

Nataka kuusifu ufundi unaomtoa kivulini. Ni ufundi wa mwalimu anayemchukua mwanafunzi wa namna hiyo katika miaka yake ya mwisho ya skuli na kumfikisha kwenye kazi inayolipa. Una zana zake, una hatua zake, na una makosa yake ambayo fundi mzuri huyajua. Hauna kelele. Mpita njia anaweza kudhani mwalimu amesimama tu na daftari mkononi, kumbe ndiyo saa anayofanya kazi ngumu kuliko zote.

Zanzibar haikuanza jana katika mambo haya. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985. Jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, inayojulikana kwa kifupi cha ZAPDD, ilianzishwa mwaka 1999, na kwa kushirikiana na jumuiya ya wenzao wa Norway ikasimama pamoja na Wizara ya Elimu kuingiza elimu mjumuisho katika skuli za Unguja na Pemba. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaipokea njia hiyo. Matunda yake tunayaona: mtoto ambaye zamani angefichwa chumba cha ndani leo ana sare, ana dawati, na jina lake linaitwa asubuhi pamoja na ya wenzake. Lakini skuli ina mwisho. Wenzake wanapoendelea na madarasa ya juu au kwenda kutafuta maisha Wete, Chake Chake na Unguja, yeye hurudi nyumbani. Hapo ndipo ufundi ninaousema unapohitajika, na ukweli ni kwamba ulitakiwa uwe umeanza miaka kadhaa kabla.

Kazi ya kwanza ya mwalimu huyu ni kutazama. Hamuulizi kijana anataka kuwa nani, kwa sababu huenda kijana hana maneno ya kujibu, au atajibu lile analodhani mwalimu anataka kulisikia. Mwalimu huenda nyumbani kwao, akaketi barazani na wazee, akatazama kijana anafanya nini bila kutumwa. Mmoja hupanga viatu mlangoni mwa msikiti, kila jozi na mwenzake. Mwingine hubeba ndoo ya maji kutoka kisimani bila kumwaga tone. Wa tatu hawezi kukaa kwenye kelele lakini anaweza kukaa saa nzima akichambua mchele. Mambo haya familia imeyaona kila siku, ikayahesabu kuwa ni tabia zake tu. Mwalimu huyaandika kama fundi seremala anavyoandika vipimo. Anayepanga viatu ana jicho la mpangilio. Anayebeba maji bila kumwaga ana mikono tulivu. Anayechambua mchele ana subira ambayo wengi wetu hatunayo. Kazi itatafutwa kwa kuanzia hapo.

Kisha mwalimu huigeukia kazi yenyewe, na hapa ndipo ustadi wake unapong'aa. Chukua mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kikaenea hadi Pemba, na wilaya ya Micheweni, ambayo Makangale imo ndani yake, ni miongoni mwa zinazokitegemea. Wakulima wake wengi ni wanawake. Ukimuuliza mmoja wao kufunga mbegu kunafanywaje, atakujibu kwa neno moja: unafunga tu. Anasema kweli, kwa sababu mikono yake imeshaijua kazi kiasi kwamba akili haiioni tena. Mwalimu wetu lazima aione. Huketi karibu naye na kuandika kila jambo mikono ile inalofanya.

Kamba imenyooshwa juu ya mapaja, na juu yake zimefungwa taitai, vile vitanzi vidogo vya kushikia mbegu. Mkono wa kushoto unatafuta kitanzi kinachofuata. Mkono wa kulia unaingia kwenye ndoo na kutoa kipande cha mwani. Jicho linakikagua: kiwe kichanga, chenye matawi mengi, kisiwe na sehemu iliyopauka kuwa nyeupe, kisiwe kimeshikwa na majani mengine. Kidole gumba kinavunja kilichozidi. Kipande kinapita ndani ya kitanzi. Kitanzi kinavutwa. Kikilegea, mkondo utakichukua. Kikikazwa mno, kitakata shina na mbegu itaanguka. Halafu mkono wa kushoto unasogea kwenye kitanzi kingine. Yule mwanamke anamaliza yote haya kabla hujamaliza kuvuta pumzi, naye huku anazungumza na jirani yake habari za arusi ya jana. Kwenye daftari la mwalimu ni hatua nane, na mbili kati yake zina uamuzi ndani yake.

Hatua zisizo na uamuzi ni nyepesi kufundisha. Ni mikono tu. Zenye uamuzi ndizo zinazomkwamisha mwanafunzi: kipande hiki kinafaa au hakifai? Ukubwa huu unatosha? Mwalimu mwenye haraka ataeleza kwa maneno, na maneno yatapotea. Fundi huuondoa uamuzi kwenye kichwa na kuuweka kwenye kitu. Ukubwa wa mbegu unapimwa kwa kikombe cha plastiki kilichokatwa: kikijaa, kipande kimetosha. Nafasi kati ya kitanzi na kitanzi, taitai zinapofungwa kwenye kamba, inapimwa kwa kijiti kilichochongwa mara moja tu. Kipande kilichopauka kinapelekwa karibu na kile kizima, viwili hivyo vikiwa vimelazwa mbele ya mwanafunzi kama kielelezo, mpaka jicho lizoee. Mtu asiyejua kuhesabu hadi kumi sasa anafunga kamba nzima kwa nafasi zilizo sawasawa. Na kijiti kile kikishachongwa, utaona wanawake wengine kwenye kikundi cha mwani wanakiazima, kwa sababu kinawasaidia na wao.

Wazo la kuigawa kazi namna hii lina historia. Mwalimu wa Kimarekani Marc Gold, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 1982, alifundisha watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawafundishiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwafundisha kuunga breki ya baiskeli yenye vipande 15, kisha nyingine yenye vipande 24. Walijifunza. Aliongea kidogo sana wakati wa kufundisha. Mwanafunzi akikosea hakumwambia amekosea. Alimwambia ajaribu njia nyingine, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa jina la mbinu yake. Msimamo wake ulikuwa mkali na wa haki: mtu asipojifunza, mwalimu hana ruhusa ya kusema mwanafunzi hawezi. Anachoweza kusema ni kwamba bado hajaipata njia ya kumfundisha.

Msimamo huo ndio unaoonekana kwenye daftari. Kurasa zake ni za kawaida: hatua za kazi zimeandikwa upande wa kushoto, siku juu, na katika kila kijumba herufi moja. M ni mkono, yaani mwalimu alishika mkono wa mwanafunzi na kuuongoza. O ni onyesho, mwalimu alifanya kwanza na mwanafunzi akafuata. I ni ishara, kidole tu au jicho. N ni neno. P ni peke yake. Baada ya muda ukurasa unasomeka. Mistari mingi inatoka M kwenda P taratibu. Lakini mstari mmoja umebaki M, siku baada ya siku. Mwalimu mchanga atasema kijana amefika mwisho wa uwezo wake. Fundi hurudi kwenye ile hatua na kuitazama upya, na mara nyingi hukuta ilikuwa hatua mbili zilizovaa nguo moja. Kukaza kitanzi, kwa mfano: kuna kuvuta, na kuna kujua wakati wa kuacha kuvuta. Anazitenganisha. Anamfundisha kuvuta mpaka kitanzi kiguse shina, basi, kisha kuvuta tena kidogo mara moja. Ule mstari unaanza kusogea.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, yaani kusaidia na kuacha kusaidia. Kila anayempenda kijana huyu amejaa hamu ya kumsaidia, na hamu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mwanafunzi akisita, mama yake anamfanyia. Akisita tena, shangazi anamwambia jibu. Baada ya miaka, kijana amejifunza kwamba kusita ndiyo njia ya kazi kukamilika. Mwalimu fundi hutoa msaada ulio mdogo kuliko wote unaoweza kutosha, na kabla ya kuutoa husubiri. Ule muda wa kusubiri, mwanafunzi akiwa ameshika mwani na hajui aupeleke wapi, ni mzito. Wanawake wa kikundi wanatazama. Maji yataanza kujaa. Mwalimu ananyamaza, mikono iko nyuma. Mara nyingi, katika ukimya huo, mkono wa kijana unakwenda wenyewe kwenye kitanzi. Pale ambapo mkono haukwenda, mwalimu ananyoosha kidole, na kidole kikitosha haongezi neno.

Hata mahali anaposimama pana hesabu yake. Siku za mwanzo huketi bega kwa bega na mwanafunzi, wakitazama upande mmoja, kwa sababu anayekaa mbele huonyesha mikono iliyogeuka kinyume. Baadaye hukaa nyuma kidogo, ili macho ya kijana yawe kwenye kazi, yasiwe kwenye uso wa mwalimu yakitafuta ruhusa. Kisha hatua mbili nyuma. Kisha chini ya mvinje ufukweni. Kisha siku moja haji kabisa, akaja siku ya pili yake na kuulizia kwa wenzake mambo yalikwendaje. Kila hatua ya kurudi nyuma ameiandika na ameipima. Akirudi haraka, kazi inaporomoka. Akichelewa, anakuwa yeye ndiye sehemu ya kazi, na kijana hataweza kufanya lolote bila kumwona.

Kuna mbinu nyingine ninayoipenda sana, ya kufundisha kuanzia mwisho. Itazame kwenye karafuu. Kupanda mkarafuu ni kazi ya hatari, na wanaoanguka ni wengi hata miongoni mwa wazoefu, kwa hivyo tuiache. Lakini jioni mzigo ukishuka, kuna kazi ya kuchambua: kushika kichala, kukisokota kwenye kiganja mpaka karafuu zitengane na makonyo, karafuu huku, makonyo kule. Yote mawili yana thamani, maana makonyo nayo hununuliwa, na kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake hukamua mafuta yake. Mwalimu wa kawaida atamwanzisha mwanafunzi na kichala, na mwanafunzi atasokota vichala vingi kabla ya kuona kitu chochote kimekamilika. Anayeanzia mwisho hufanya vingine. Yeye mwenyewe anasokota na kutenganisha. Mwanafunzi anapewa hatua ya mwisho peke yake, kujaza karafuu safi kwenye pishi na kuisawazisha juu kwa kiganja. Pishi imejaa. Kazi imeisha, na aliyeimaliza ni yeye. Kesho anapewa hatua inayotangulia hiyo, kutoa makonyo yaliyobaki, kisha kujaza pishi. Keshokutwa hatua nyingine nyuma. Kila siku anaishia mahali pale pale, penye ushindi, na njia ya kufika hapo inarefuka kidogo kidogo bila yeye kuihofia.

Na pishi yenyewe ni msaada mkubwa. Malipo ya karafuu mashambani yamekuwa yakihesabiwa kwa pishi tangu zamani. Kijana asiyejua mizani wala hesabu ya kilo anaweza kuona kwa macho yake pishi iliyojaa, na kwa kila pishi akaweka jiwe moja kwenye mkebe. Jioni mawe yanahesabiwa pamoja naye, na fedha zinatolewa jiwe kwa jiwe. Hapo hakuna wa kumpunja kwa maneno, na yeye anaona kwamba fedha zimetoka kwenye kazi, hazikutoka kwenye huruma ya mtu.

Ziko pia shida ambazo hazimo kwenye mikono. Vijana wengi wenye usonji hushikilia saa: jambo lililofanywa saa mbili asubuhi lazima lifanywe saa mbili asubuhi. Bahari haina saa hiyo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama hamsini, na kazi ya shambani kwenye mwani hufanywa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huku siku za maji mafu zikiwa za kukaa nchi kavu, kuanika na kutengeneza kamba. Kwa kijana wa namna hii mabadiliko hayo ni mateso mpaka mwalimu apate alama isiyobadilika. Mwamba fulani ukitokeza juu ya maji, tunateremka. Ukianza kufunikwa, tunapanda. Saa imehamishwa kutoka ukutani hadi baharini, na kijana aliyekuwa akilia kwa sababu leo si kama jana, sasa huwa wa kwanza kuuona mwamba na kuwaita wenzake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini yote haya yasifanyike darasani, au kwenye vituo vya mafunzo ya amali kama kile cha Vitongoji. Vituo hivyo ni vizuri na milango yake ifunguliwe zaidi. Lakini kijana mwenye ulemavu wa akili ana ugumu mmoja unaojulikana: alichojifunza mahali hapa hakihamii kwa urahisi mahali pengine. Anayefunga kamba vizuri juu ya dawati anaweza kusimama kama hajawahi kuiona kamba pindi akikanyaga mchanga, jua likimpiga na maji yakimlamba miguu. Kwa sababu hiyo, kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa fani hii waligeuza utaratibu: mweke mtu kwanza kwenye kazi yenyewe, umfundishe pale pale. Mwaka 1996 hospitali moja ya watoto mjini Cincinnati, Marekani, ilianza mpango uitwao Project SEARCH, ambapo wanafunzi wenye ulemavu huumaliza mwaka wao wa mwisho wa skuli ndani ya hospitali, wakipita idara moja hadi nyingine, na mpango huo umeenea katika nchi nyingi. Makangale haina hospitali ya namna hiyo, ila ina pwani, ina mashamba, ina vikundi vya wanawake, na mwaka wa mwisho wa skuli unaweza kufanyika humo.

Hapa ndipo sheria na maisha vinapoachana kidogo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataja wazi haki ya kufanya kazi katika soko lililo wazi kwa wote. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2006 na kuitunga upya baadaye. Hizi ni nguzo, na waliozipigania wastahili shukrani. Lakini kijijini mwajiri mwenye watu ishirini ni nadra. Mwajiri ni kaya, ni chombo cha uvuvi, ni kikundi cha mwani. Hakuna mkaguzi atakayefika kuhesabu asilimia kwenye ngarawa. Anayeweza kufika ni mwalimu anayemjua mwenyekiti wa kikundi kwa jina, anayejua ni mwanamke gani kati yao ana subira, na anayeweza kwenda kumwambia: Bi mkubwa, huyu mwanetu anajua kufunga mbegu, nimemwona, mpe kamba tano leo, umlipe kwa kamba tano.

Kumchagua mwanamke huyo ni sehemu ya ufundi. Siku mwalimu atakapoondoka, yule aliyeketi jirani ndiye atakayebaki, kwa hivyo naye anafundishwa, kwa siri ya heshima, bila darasa. Anaonyeshwa kunyoosha kidole badala ya kufanya. Anaonyeshwa kusubiri. Anaambiwa kitu gani humtia kijana hofu na kitu gani humtuliza. Kwa msichana kuna jambo zaidi, na mwalimu mzuri halionei haya: ataandamana na nani kwenda na kurudi, nani anamwangalia njiani, na amefundishwa vipi kusema hapana na kumwambia mtu anayemwamini iwapo kuna aliyemgusa vibaya. Wazazi wengi huwaweka binti zao ndani kwa sababu hiyo hiyo, na hofu yao ina msingi. Haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa kwa mpango ulio wazi ambao mama anaweza kuukagua mwenyewe kila jioni.

Ningependa msomaji auone mwisho wa safari hii kama unavyoonekana kwa jicho la kawaida. Maji yamekupwa. Wanawake kumi au kumi na tano wamesambaa kati ya vigingi, vichwa chini, mikono ndani ya maji. Mmoja wao ni kijana ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa kivulini. Anafungua kamba iliyokomaa, baada ya wiki kama sita za kukua, anaikung'uta, anaiweka kwenye gunia, anafunga nyingine mahali pake. Kasi yake ni ndogo kuliko ya wengine. Vifundo vyake haviachii. Jirani yake anamwonyesha kigingi kwa kidevu, naye anakwenda. Mwalimu hayupo. Mgeni akipita hatajua kuwa pana kazi kubwa iliyofanyika hapo, na kutojua kwake ndiyo hati ya ufundi huo. Seremala huacha mlango nyuma yake, mwashi huacha ukuta. Fundi huyu hufuta kila alama ya mkono wake mpaka abaki mtu na kazi yake.

Ufundi wa namna hii unastahili mshahara, mafunzo na heshima sawa na ya mwalimu wa hesabu anayefaulisha darasa zima. Leo haupati vyote hivyo. Mwalimu anayeketi pwani na mwanafunzi mmoja huonekana amekimbia kipindi, na matokeo yake hayamo kwenye ubao wa mtihani wa taifa. Hilo linaweza kubadilishwa bila fedha nyingi. Wizara iihesabu miaka miwili ya mwisho ya mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili kuwa ni miaka ya kuingia kazini, na saa za mwalimu wake pwani au shambani ziandikwe kuwa saa za kufundisha. Masheha wakae na vikundi vya mwani na wenye mashamba ya karafuu, waulize ni kazi gani inaweza kukatwa kipande kimoja akapewa mtu mmoja. Wazazi wamruhusu mwalimu aketi barazani kwao, wamwonyeshe kile ambacho mtoto wao hufanya bila kutumwa.

Na walimu wenzangu wa Makangale, Konde, Micheweni na kwingineko, msingoje mradi. Skuli yoyote ya Pemba inaweza kuanza muhula ujao na mwanafunzi mmoja, kazi moja na daftari moja. Andika hatua, chonga kijiti chako, keti ubavuni mwake, na uanze kuhesabu siku za kurudi nyuma.